Kodi ya mlo Massachusetts: namna ya kuitoza, kuitenga na kuipeleka

Mwenye mgahawa mmoja aliniletea mfuko wa rambo uliojaa barua ambazo hakuwahi kuzifungua. Pilau yake watu walikuwa wanaifuata kwa gari kutoka miji ya jirani, na kodi ya mlo alikuwa ameitoza kwenye kila bili bila kukosea senti. Tatizo ni kwamba pesa hiyo ilikaa akaunti moja na pesa ya pango. Theluji ya Januari ilipofunga barabara na wateja wakapungua, kodi ya nyumba ikaila kodi ya mlo. Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo. Wa tatu akaacha kufungua barua.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za migahawa midogo, na wateja wangu wengi ni wenzetu wa Afrika Mashariki walioanzia jikoni mwa watu kisha wakafungua pao. Haya ndiyo ninayowaelekeza siku ya kwanza. Ni ya jimbo la Massachusetts tu. Binamu yako aliye Richmond, Virginia, ana mambo mengine: kule mji wenyewe unatoza asilimia 7.5 kwenye mlo, tena juu ya kodi ya mauzo ya kawaida, na pesa inapelekwa kwa mji. Ushauri wake msikilize kwa adabu, lakini usiufuate.

Hatua ya 1: Jua ni kodi mbili ndani ya moja

Mteja anaona asilimia 7 kwenye risiti. Ndani yake mna asilimia 6.25 ya jimbo na asilimia 0.75 ya mji. Ile ya jimbo ilikuwa asilimia 5 hadi ilipopandishwa tarehe 1 Agosti 2009, wakati uchumi umeanguka na hazina zimekauka. Mwaka huo huo miji ikaruhusiwa kupiga kura yake na kuongeza sehemu yake kwenye mlo. Boston ilianza kutoza tarehe 1 Oktoba 2009, na miji mingi ikafuata.

Mji hauwezi kuchagua kiwango. Ni 0.75 au hakuna. Mji ambao haukupiga kura hiyo unabaki na 6.25 peke yake. Kwa hiyo kabla ya kupanga mashine yako ya malipo, angalia mji wako uko upande gani. Idara ya Mapato ya jimbo ina orodha. Ukifungua tawi la pili mji wa jirani, angalia tena, usinakili mipangilio ya tawi la kwanza.

Watu wengi huchanganya milango hapa. Leseni ya kuuza chakula na kibali cha afya unavipata kwenye ofisi za mji. Kodi ya mlo, hata ile sehemu ya mji, huipeleki huko. Yote inakwenda Idara ya Mapato ya jimbo, kisha jimbo ndilo linaloupa mji fungu lake. Nimeshamwona mtu akipanga foleni ofisi za mji na hundi mkononi.

Hatua ya 2: Jisajili kabla ya sahani ya kwanza

Usajili unafanyika kwenye tovuti ya MassTaxConnect. Unafungua akaunti ya kodi ya mlo na kuandikisha kila mahali unapouzia. Utapata hati ya usajili, ambayo inatakiwa ibandikwe ukutani watu waione. Usiifiche droo ya ofisini.

Hapa dada zetu wanaopika nyumbani na kuuza biriani Jumamosi kupitia WhatsApp huniambia, "Mimi sina mgahawa, ndugu yangu." Sheria haiangalii kibao cha mlangoni. Neno mgahawa kwenye sheria hii linabeba kantini, klabu, baa, biashara ya kupikia sherehe, na mahali pengine popote panapotolewa chakula kwa malipo, pawe pamesimama au panatembea, pawe pa muda au pa kudumu. Gari la kuuza chipsi limo. Meza yako ya sambusa kwenye tamasha imo.

Hatua ya 3: Pitia menyu yako mstari kwa mstari

Hatua hii ndiyo ninayoipa muda kuliko zote, maana mashine ya malipo hufanya ulichoiambia. Ukiidanganya siku ya kwanza, itakudanganya mwaka mzima.

Kanuni ya jumla: chakula kilichotayarishwa, kikauzwa na mgahawa kikiwa tayari kuliwa, ni mlo, na mlo unatozwa. Akikaa mezani kwako unatoza. Akisema "nifungie" unatoza vilevile. Wengi wetu tulikuja na dhana kwamba chakula cha kubeba hakina kodi. Kinayo. Chai ya maziwa, juisi ya ukwaju, soda inayoandamana na chakula, bia na mvinyo wa mezani, vyote vimo.

Kisichotozwa ni bidhaa ya dukani iliyobaki kuwa bidhaa ya dukani. Kama una rafu pembeni ya kaunta yenye pakiti za unga wa sembe, majani ya chai na viungo vya pilau vilivyofungwa, hizo si mlo kwa sababu zinauzwa kama duka la kawaida la vyakula linavyoziuza. Ziweke kwenye kundi lake ndani ya mashine, kodi sifuri. Usizichanganye na kundi la "mengineyo", maana kundi hilo ndilo kaburi la hesabu.

Halafu kuna vitu vya kuokwa. Donati, mafini, keki ndogo na jamii yake, mteja akibeba sita au zaidi kwa mara moja, hazitozwi. Akichukua pungufu ya sita, zinatozwa. Mimi mandazi nayaweka na donati bila kusita, kwani tofauti yao ni sukari ya juu tu. Matano yana kodi, sita hayana. Wateja wakishaijua hiyo, utashangaa wangapi wanaongeza andazi la sita. Ila sambusa ya nyama usiiingize kwenye mlango huo. Hiyo ni mlo, hata wakibeba ishirini.

Bakshishi nayo ina tabia zake. Ile ambayo mteja anaiacha kwa hiari haitozwi. Ile unayoilazimisha wewe, tuseme asilimia 18 kwa kundi la watu wengi, haitozwi endapo imeandikwa peke yake kwenye bili na yote inakwenda kwa wahudumu. Ukimega kipande chake kikaingia mfukoni mwa mgahawa, umeharibu.

Hatua ya 4: Panga mashine, kisha ijaribu

Kama mji wako umepiga kura ile, weka kodi moja ya asilimia 7, usiweke mbili za 6.25 na 0.75. Sababu yake ni senti. Chukua bili hii: pilau ya nyama dola 16, samaki wa kupaka dola 22, sambusa dola 6, soda mbili dola 6. Jumla dola 50. Asilimia 7 ni dola 3.50. Ukizitenganisha, ya jimbo inakuwa 3.125, mashine inaikweza hadi 3.13, ya mji inakuwa 0.375, inakwea hadi 0.38. Mteja amelipa 3.51. Senti moja si kitu, lakini mkaguzi akiiona kwenye risiti elfu nne atakuuliza ulikuwa unatoza kiwango gani.

Piga risiti tatu za majaribio: mlo wa mezani, mandazi sita, na pakiti ya viungo. Zitazame kwa macho yako. Usimwachie kijana wa kampuni ya mashine. Yeye hajui andazi ni nini.

Hatua ya 5: Akaunti ya pili benki

Fungua akaunti nyingine. Iite "Si yangu" ukitaka. Mteja wangu mmoja ameiita hivyo kweli. Kila Jumatatu hamisha kodi yote ya wiki iliyopita kutoka ripoti ya mashine. Kila wiki, si kila mwezi, kwa sababu mwezi ni mrefu na friji mbovu ya kutengeneza haikosekani.

Pesa hii umeishika kwa niaba ya serikali, na sheria inaichukulia hivyo. Isipofika, jimbo linaweza kumfuata mtu mwenyewe aliyekuwa na jukumu la kuilipa, mali yake binafsi ikiwemo, hata kama biashara ni kampuni. Yule wa mfuko wa rambo alidhani kampuni itakufa na deni lake. Halikufa.

Hatua ya 6: Kusanya karatasi za wasiolipa

Makanisa na mashirika ya hisani yenye msamaha hayalipi kodi hii yanaponunua. Kanisa likiagiza chakula cha harambee, omba nakala ya hati yao ya msamaha, ST-2, na cheti cha ununuzi, ST-5, kilichojazwa na kutiwa saini. Malipo yatoke kwenye akaunti ya kanisa. Mzee wa kanisa akilipa kwa kadi yake kisha aseme atarudishiwa, huyo ni mteja wa kawaida, mtoze. Najua ni vigumu kumwambia mzee hivyo. Mwambie kabla ya siku ya sherehe, si baada ya kupakua.

Hatua ya 7: Oda za programu za simu

Tangu Oktoba 2019 majukwaa makubwa ya mtandaoni yanatakiwa kukusanya na kupeleka kodi kwa mauzo yanayopitia kwao. Kwa hiyo oda ya DoorDash inaweza kukutia hasara mara mbili ukiilipia kodi tena. Pakua taarifa ya mwezi ya kila jukwaa, tafuta mstari unaosema kodi imepelekwa na wao, na uihifadhi. Mstari huo usipokuwepo, usidhani. Waandikie.

Hatua ya 8: Jaza ritani

Kwa mgahawa wa kawaida ritani, yaani fomu ya kutangaza mauzo na kodi yake, ni ya kila mwezi, inajazwa hapo hapo MassTaxConnect, na mwisho ni siku 30 baada ya mwezi kwisha. Zamani zilikuwa 20; ukisikia mtu ametaja 20, hajapitia mambo haya tangu 2021. Wenye kodi ya zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka wana malipo ya awali ya kila mwezi. Ukifika huko utakuwa na mhasibu wa kuajiri.

Tuseme mwezi umeuza dola 38,000 kabla ya kodi. Majukwaa yamebeba 6,000 na kodi yake wameipeleka. Kanisa 1,800 lenye karatasi kamili, mandazi ya sita sita na bidhaa za rafuni 600. Unabaki na 29,600 za kutoza wewe. Jimbo: dola 1,850. Mji: dola 222. Utalipa 2,072. Sasa fungua akaunti ya pili. Ikiwa na 2,072 au karibu yake, mambo yako yamekaa sawa. Ikiwa pungufu ya mamia, rudi hatua ya 4. Kuna kitu kimewekwa sifuri kimakosa.

Kosa la kawaida hapa ni la wale wanaoanza na pesa iliyoingia benki, ambayo tayari ina kodi ndani. Dola 5,350 usizizidishe kwa 0.07. Zigawe kwa 1.07, upate mauzo ya 5,000 na kodi ya 350.

Kuchelewesha ritani kunatozwa asilimia 1 ya kodi kwa mwezi, kuchelewesha malipo asilimia 1 nyingine, kila moja hadi ifike 25, na riba juu yake. Kama pesa haijatimia, jaza ritani kwa wakati na ulipe ulichonacho. Angalau moja ya adhabu mbili umeikwepa.

Mambo mawili ya msimu

Agosti jimbo huwa na siku mbili za mapumziko ya kodi ya mauzo, yaani siku ambazo kodi hiyo haitozwi madukani. Wateja watakuja na tangazo kwenye simu. Mlo haumo. Bandika karatasi mlangoni Ijumaa jioni kupunguza mabishano.

Na ukifunga Desemba kwenda nyumbani kusalimia wazazi, ritani ya mwezi huo unaijaza hata kama hukuuza kikombe cha chai. Andika sifuri, tuma. Inachukua dakika tano ukiwa Mombasa au Moshi, ilimradi hukusahau nywila.