Kabla hujahama kazi piga hesabu ya mkononi

Wadau wa Tabora na Kigoma, ukiitwa kazi mpya usiruke na ile namba kubwa ya kwenye barua. Mfano sekta binafsi unalipwa laki 5, jamaa wa Kigoma wanakupa laki 6, unaona laki nzima hiyo, kumbe kuna NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 inatoka kwako halafu PAYE (kodi ya mshahara), na hapo ukishavuka 520,000 baada ya NSSF kinachozidi kinakatwa asilimia 20 badala ya 8. Laki 5 inakuachia 435,600, laki 6 inakuachia 516,000. Yaani umeongezewa 80,400 tu, na ukiwa na mkopo wa bodi (ule wa chuo) inapungua zaidi. Sasa toa kodi ya chumba Mwanga au Gungu hapo Kigoma wakati Tabora ulikuwa unakaa kwa shangazi bure (ugali wa shangazi nao ni mshahara jamani). Mi nilikuja kushtuka mwezi wa pili. Omba posho ya nyumba mapema kabla hujasaini, ukishasaini hakuna anayekusikiliza. Na notisi ni siku 28, usiondoke kimyakimya wakakukata hela, dai na siku zako za likizo.