Kabla hujautia kisu muhogo wa kupimwa sumu

Ndani ya muhogo mna linamarini, kemikali inayotoa sianidi ikivunjwa, na kimeng'enya cha kuivunja kimetengwa nayo. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukate, au uuponde kwa kuutupa kwenye gari, vinakutana na gesi ya sianidi inaanza kutoka. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na joto la Mombasa mnalijua. Kipimo kitasoma chini, na mtu ataambiwa muhogo wake ni salama kumbe sivyo. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Kwa hiyo usiukate shambani ati upunguze mzigo. Ukitoka Kwale kuna foleni ya feri pale Likoni, na vipande havingoji. Ng'oa mizizi na kikonyo chake, usiioshe, iweke kivulini kwenye kikapu kinachopitisha hewa, ifike siku hiyo hiyo. Ukinunua Kongowea, muulize muuzaji umeng'olewa lini. Ulioanza kupiga weusi ndani usiuchanganye na mbichi.

Amua mapema utang'oa mashina mangapi, na uyatawanye shamba zima, si yale ya ukingoni tu kwa kuwa yako karibu na njia. Hata mizizi ya shina moja hutofautiana. Andika aina (Kibandameno au nyingine), umri wake, na kama mvua ilikosekana, maana ukame huongeza sumu. Lebo ziandikwe kwa penseli. Wino huyeyuka kwa jasho la mikono.

Maabarani, asidi ya fosforiki iwe imeshapimwa na kupozwa kabla kisu hakijashikwa, kwani ndiyo inayokizuia kimeng'enya. Ganda lipimwe peke yake, lina sumu nyingi kuliko nyama. Kata visahani kichwani, katikati na nchani, kisha kila kisahani ukitoe kabari kutoka ukingoni hadi kwenye moyo, kama unavyokata tikiti. Pima uzito, tia kwenye asidi papo hapo. Pima na unyevu: kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha miligramu 10 kwa kilo ni cha unga, usikilinganishe na muhogo mbichi.

Ukitumia karatasi za pikrati, zile za manjano zinazogeuka hudhurungi zikikutana na sianidi, zitengee usiku mzima. Zinunue zikiwa tayari. Asidi ya pikriki, inayotumika kuzitengeneza, ikikauka hulipuka kwa urahisi, na chupa kuukuu yenye chengachenga kifunikoni usiifungue.