Kusoma Majibu ya Vitamini D Kabla ya Kununua Kidonge Kingine

Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo wengi huuliza: kwa jua hili lote, vitamini D itapungua vipi? Hupungua. Anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ofisini Upper Hill na kurudi usiku, hapati jua ngozini. Vivyo hivyo anayejisitiri mwili mzima, na mtoto anayelelewa ndani ya chumba cha ghorofa ambacho dirisha lake limetazamana na ukuta wa jirani. Lakini uchovu na maumivu ya mgongo, ambayo wengi huyahusisha na upungufu huu, vina sababu nyingi, na kapsuli kali za IU 50,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupima vitamini) zipo madukani. Kabla ya kuzinunua, pitia hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Hakikisha kipimo ndicho

Fomu ya maabara iandikwe vitamini D 25-OH. Hili ndilo umbo linalotengenezwa na ini, na hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, hivyo linaonyesha akiba yako. Kuna kipimo kingine chenye jina linalokaribiana, 1,25-OH. Hicho hupima umbo linalotengenezwa na figo, na mtu mwenye upungufu mkubwa anaweza kupata majibu ya kawaida au hata ya juu. Ukilipia hicho kwa makosa, umepoteza pesa na umepotoshwa pia.

Huhitaji kufunga kula. Ila kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini B), mwambie mtaalamu wa maabara na uviache siku 2 hadi 3 kabla ya kutoa damu. Kwenye mashine nyingine biotini huipandisha namba kwa uongo.

Tena, si kila mtu anahitaji kipimo hiki. Mwongozo wa mwaka 2024 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, haushauri kuwapima kwa kawaida watu wazima wenye afya. Kinawafaa zaidi wenye matege au mifupa laini, ugonjwa wa figo au ini, matumbo yasiyofyonza mafuta vizuri, na wanaotumia kwa muda mrefu dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, au rifampisini ya kifua kikuu. Dawa hizo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini.

Hatua ya 2: Tazama kizio kabla ya namba

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Maabara moja huandika ng/ml, nyingine nmol/l. Kubadili ng/ml kuwa nmol/l, zidisha kwa 2.5. Majibu ya "30" yenye kizio cha ng/ml ni 75 nmol/l, na hayo ni mazuri. Majibu ya "30" yenye kizio cha nmol/l ni 12 ng/ml tu, na hapo uko ukingoni mwa upungufu. Ukimtumia daktari namba kwa simu bila kizio, hujamwambia kitu. Piga picha ya karatasi nzima.

Mipaka inayotumika sana, kwa ng/ml:

- chini ya 12: upungufu
- 12 hadi 20: huenda haitoshi kwa baadhi ya watu
- 20 na kuendelea: inatosha kwa walio wengi
- zaidi ya 50: hakuna faida ya ziada, na madhara yanaanza kuwezekana
- zaidi ya 150: hapa ndipo sumu huonekana mara nyingi

Baadhi ya karatasi za maabara bado huita chochote kilicho chini ya 30 "pungufu". Mtu mwenye 24 asiye na tatizo la mifupa hana sababu ya kukimbilia dozi kubwa kwa sababu tu ya alama nyekundu pembeni ya namba.

Hatua ya 3: Jumlisha kila kinachoingia

Panga mezani kila chupa iliyo nyumbani: multivitamini, kalsiamu yenye vitamini D3, mafuta ya ini la samaki, unga wa lishe ulioongezwa vitamini. Soma kila lebo. Ikiandika mikrogramu, zidisha kwa 40 upate IU. Mtu mzima anahitaji IU 600 kwa siku, au 800 akipita miaka 70. Kikomo bila usimamizi wa daktari ni IU 4,000 kwa siku. Jua usilihesabu: ngozi yenyewe huvunja ziada, na hakuna anayepata sumu ya vitamini D kwa kuota jua. Sumu hutoka kwenye chupa na sindano.

Matone ya watoto yanahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto mchanga anahitaji IU 400 kwa siku, na kikomo cha aliye chini ya miezi 6 ni IU 1,000. Chupa moja huwa na IU 400 ndani ya mililita 1, nyingine huwa na IU 400 ndani ya tone 1. Mzazi aliyezoea ya kwanza akinunua ya pili na kujaza mrija hadi mililita 1, anampa mtoto matone zaidi ya 20, yaani zaidi ya IU 8,000 kwa mara moja. Muulize mfamasia: "Ni 400 kwa tone au kwa mililita?" Kisha andika jibu kwa kalamu juu ya chupa.

Hatua ya 4: Andika siku ya dozi

Kapsuli ya IU 50,000 kwa kawaida huandikwa moja kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 8. Hiyo ni takriban IU 7,100 kwa siku. Anayeimeza kila siku anapata zaidi ya mara 12 ya kikomo. Chagua siku moja, tuseme Jumapili, na uiandike kwenye pakiti. Ukisahau, usimeze mbili siku moja. Wala usichomwe sindano ya dozi kubwa juu ya kapsuli bila daktari kujua yote mawili.

Ukitibiwa upungufu, pima tena miezi 3 baada ya kuanza dozi, kwenye maabara ileile. Ukipima wiki ya tatu, namba bado inapanda.

Hatua ya 5: Ukishuku imezidi, pima kalsiamu

Vitamini D ikizidi hudhuru kwa kupandisha kalsiamu kwenye damu. Dalili ni kiu kali, kukojoa sana, kufunga choo, kichefuchefu, udhaifu na kuchanganyikiwa. Kwa muda mrefu figo huumia au hutengeneza mawe. Acha vidonge vyote vya vitamini D na kalsiamu, kisha omba kupimwa kalsiamu, albumini (protini ya damu), kreatinini (huonyesha kazi ya figo) na homoni ya paradundumio (PTH), ambayo hudhibiti kalsiamu. Kalsiamu ya kawaida ni takriban 2.2 hadi 2.6 mmol/l. Kalsiamu ya juu pamoja na PTH ya chini hulingana na sumu ya vitamini D.

Wanaotumia haidroklorothiazaidi kwa presha wako hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Wanaotumia digoksini, dawa ya moyo, wawahi hospitali mapema, maana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwenye kifua kikuu anaweza kupata kalsiamu ya juu kwa dozi ya kawaida tu, kwani chembe za kinga kwenye vidonda vya ugonjwa hutengeneza umbo kali la vitamini hii bila figo kuzidhibiti.

Kalsiamu ikipita 3.0, au mgonjwa akichanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo kwa maji ya mshipa. Ikishuka baada ya siku chache, usiache kufuatilia: vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuendelea kutoka kwa wiki au miezi, kwa hiyo kalsiamu irudiwe kupimwa hata baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani.