Andiko la mkopo wa kikundi: anza na hesabu, maneno yafuate

Msimu wa alizeti ukikaribia, vikundi vingi vya Dodoma na Singida huandaa maandiko ya kuomba mkopo wa halmashauri, ule usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kazi yangu ni kusaidia vikundi kuandika, na inaniuma kuona biashara nzuri ikikwama kwa sababu ya karatasi. Tuchukue mfano wa akina mama wanaokamua mafuta Kibaigwa.

Hatua ya 1: Mweka hazina alete daftari, risiti na taarifa ya benki. Bila hivyo, msianze.

Hatua ya 2: Ombi likae aya ya kwanza. Wengi huanza na historia ya kikundi, kisha: "Tunategemea kupata faida kubwa endapo tutawezeshwa." Afisa maendeleo ya jamii hawezi kufanyia kazi sentensi hiyo. Andikeni hivi: "Tunaomba shilingi 6,000,000 kununua magunia 80 ya alizeti mwezi Juni, kila gunia shilingi 75,000. Tutarejesha shilingi 1,000,000 kila mwezi kwa miezi 6, kuanzia Septemba." Historia ishuke chini, aya moja inatosha.

Hatua ya 3: Tenganisheni mauzo na faida. Hapa ndipo maandiko mengi huanguka. Tuseme mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, vitaleta shilingi 8,400,000. Hayo ni mauzo. Toeni alizeti 6,000,000, kisha usafiri, kukamua na madumu 1,100,000. Faida ni 1,300,000. Lakini msomaji makini atauliza papo hapo: kama mkopo wote umenunua alizeti, hiyo 1,100,000 inatoka wapi? Jibu liwemo kabla hajauliza: "Gharama hizi zitalipwa kwa akiba ya kikundi iliyopo benki, taarifa ya akaunti imeambatishwa." Kwangu mimi, sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa mbili za malengo, maana inaonyesha kikundi nacho kimeweka fedha yake.

Hatua ya 4: Futeni kila neno lisilopimika. "Soko la uhakika" liwe majina ya maduka yanayonunua, na kila duka huchukua madumu mangapi kwa mwezi. Kama bei ni ya makadirio, semeni ni makadirio, na mtaje mmeipata soko gani, mwezi gani.

Hatua ya 5: Hakikini tarakimu. Kiasi kwenye barua, kwenye jedwali na kwenye muhtasari wa kikao kiwe kilekile, kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha mpeni mtu asiye mwanakikundi asome mara moja, afunike karatasi, awaambie mnaomba kiasi gani, cha nini, na mtalipa lini. Akikwama popote, rudini hatua ya 2.