Kununua au kupanga nyumba Dodoma: mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

Kila siku kuna mtu anauliza "eti Dodoma kuna nini mbona watu wote wanakimbilia huko", na hapohapo mwingine anauliza viwanja vya bei nafuu vipo wapi. Nawajibu wote wawili kwa pamoja, maana ukishajua watu wanafuata nini Dodoma ndo utajua wapi ununue na wapi upite tu.

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya serikali 1973, na CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ikaundwa mwaka huohuo kujenga mji, alafu ikapita miaka arobaini na kitu mambo yanakwenda polepole, Bunge likawepo Dodoma ila wizara zikabaki Dar, mbunge akimaliza kikao anapanda gari anarudi zake. Kilichobadilisha kila kitu ni 2016, Rais Magufuli aliposema serikali inahama na safari hii ikahama kweli, Waziri Mkuu akatangulia mwaka uleule, Makamu wa Rais 2017, Rais mwenyewe 2019. Katikati hapo CDA ikavunjwa (2017), manispaa ikawa jiji (Aprili 2018), Mji wa Serikali, eneo la ofisi za wizara, ukazinduliwa kule Mtumba (2019), na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa 2023. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956, ya 2022 ikawakuta 765,179. Sasa hao wote unadhani wanalala wapi?

Na siyo wote ni watumishi. Mtumishi akihamishwa anakuja na mke au mume, watoto, dada wa kazi, anatafuta fundi, saluni, shule, mtu wa kumuuzia mchicha, kwahiyo kila ajira ya serikali inavuta watu wengine nyuma yake. Ongeza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) iliyoanza 2007 na vyuo vingine kama Mipango na St John's, ongeza Hospitali ya Benjamin Mkapa inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya jirani. Tena mji wenyewe uko katikati ya nchi, malori na mabasi ya kwenda Mwanza, Kigoma na Arusha mengi yanapita hapo.

Alafu ikaja SGR, reli mpya ya kisasa. Treni ya kutoka Dar ilianza kufika Dodoma Julai 2024, masaa matatu na nusu hivi, wakati kwa basi siku nzima imeisha. Wauza viwanja wanaitumia sana hii, "treni imefika, nunua sasa". Mimi naona upande wa pili pia, treni hiyohiyo ndo inamfanya mtu aache familia Dar, apange chumba masta na sebule Dodoma, ijumaa jioni huyoo kituoni. Kama wewe ni wa aina hiyo usikimbilie kununua nyumba ya vyumba vinne, panga kwanza. Ila kama unanunua ili upangishe, hao ndo wateja wako, na hawataki jumba, wanataka apatimenti ndogo yenye maji na luku (mita ya umeme ya kulipia kabla) yake peke yake.

Na ninaposema panga kwanza simaanishi miezi miwili. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi, na usiku wa Juni na Julai ni baridi ya kutafutia blanketi zito (waliotoka Dar huwa hawaamini mpaka wafike). Mtaa ule ule ukiuona Septemba ni mkavu, safi, unapendeza, ukiuona Februari kuna korongo linapita mlangoni kwa jirani. Ishi misimu yote miwili ndo uamue. Kitu kingine, usije kutafuta nyumba wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, mji unajaa, gesti zinapandisha bei na madalali wanakuwa na kiburi.

Haya, maji. Hili ndo la kwanza kabisa kabla ya bei. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na visima haviongezeki kwa kasi ya watu. Kuna mitaa maji yanatoka kila siku, kuna mitaa ni kwa mgao, na kuna viwanja vipya pembezoni bomba halijafika kabisa. Ukienda kuangalia nyumba usimuulize dalali, fungua koki mwenyewe, na siyo ile inayolishwa na simtanki, fungua ya nje karibu na mita. Alafu pita kwa mama anayeuza genge hapo mtaani, nunua nyanya, muulize "mama shikamoo, maji hapa yanatoka lini na lini?". Huyo hana kamisheni. Uliza pia kama yana chumvi, maana ya visima vingine yana chumvi na utaiona kwenye sufuria na kwenye hita. Nyumba isiyo na tanki kubwa la akiba, weka hela ya tanki kwenye hesabu zako toka mwanzo.

Kuhusu maeneo, nitasema kwa kifupi maana kila mtu ana mfuko wake. Area C, Area D, Mlimwa na Uzunguni ni karibu na mjini, barabara zipo, bei ndo hizo. Kisasa na Ilazo zimejaa watumishi, huduma zipo karibu. Nzuguni kuna stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, kwahiyo biashara ipo na kelele ipo. Ihumwa na Mtumba ni kwa anayefanya kazi Mji wa Serikali, hapo utakwepa foleni ya asubuhi inayotoka mjini. Iyumbu iko upande wa UDOM, National Housing wamejenga huko. Msalato wengi wanapasubiria kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege, ila mimi napapendea mnada wa jumamosi na nyama choma yake, uwanja wa ndege ukifika utatukuta tunakula. Angalia tu kiwanja chako na njia ya ndege vimekaaje. Kuna na barabara ya mzunguko, kilomita 112 na kidogo, inazunguka mji mzima, nayo imepandisha bei za maeneo ambayo juzijuzi yalikuwa mashamba ya uwele. Ukiambiwa "hapa ni jirani na ringi rodi" nenda ukapime mwenyewe kwa bodaboda.

Sasa kununua kiwanja chenyewe, hapa soma taratibu.

Dodoma ina sifa mbaya ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja ana karatasi. Kwahiyo karatasi peke yake haitoshi. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya jiji uulize kwenye ramani ya mipango miji hicho kiwanja ni cha nini, makazi, shule, au eneo la wazi, maana watu wameuziwa maeneo ya wazi wakajenga na wakabomolewa. Kama kina hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina lililopo ni la nani na kama benki haijakishikilia. Alafu rudi sasa uwanjani na mpima, mkatafute bikoni, zile nguzo fupi za zege zenye namba, namba zifanane na za kwenye ramani. Muuzaji akikwambia "bikoni ilifukiwa na mvua, lakini ni hapahapa kwenye mchongoma", mwambie sawa, hela nayo itakuja bikoni ikifukuliwa.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa siyo hati. Mwenyekiti anaweza kukusaidia kujua historia ya eneo na majirani, na msalimie vizuri, mwambie "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, uone atakavyocheka, ila umiliki hautoki kwake. Muuzaji akiwa na mke au mume, huyo mwenza aridhie kwa maandishi, sheria inataka hivo, usije ukaletewa kesi baada ya kupaua. Akiwa anauza kwa niaba ya marehemu, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Lipa kwa benki, siyo keshi kwenye mfuko wa rambo, na malipo yoyote ya serikali yana kontrol namba (namba maalum ya kulipia serikalini), atakayekupa namba yake ya simu huyo ni wa kukimbia. Kodi ya faida ya mauzo na gharama za kuhamisha jina, kubalianeni nani analipa nini kabla ya kusaini mkataba kwa wakili. Kama wewe siyo raia wa Tanzania huwezi kumilikishwa ardhi kwa kujijengea makazi tu, ni kwa njia ya uwekezaji, na usidanganywe uandikishe kwa jina la shemeji.

Nyumba iliyokwisha jengwa, au pagale (nyumba ambayo haijamaliziwa), angalia nyufa. Sehemu nyingine za Dodoma zina udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, msingi ukiwa wa kulipua ukuta unachanika kwenye kona za madirisha kwa mshazari. Ufa uliozibwa utaujua, rangi ya hapo ni mpya kuliko ya pembeni. Pitisha mkono chini ya ukuta wa nje, kama plasta inabonyea au kuna mstari wa tope usawa wa goti, ujue maji ya mvua yanaingia. Nenda na fundi wako, siyo wa dalali, umlipe nauli na soda, na umwambie akague msingi na mbao za paa maana mchwa wa huku hawana mchezo. Omba pia kibali cha ujenzi ukione.

Ukishahamisha jina, badilisha na mita ya umeme na ya maji ziwe zako, maana kodi ya jengo inakatwa kupitia luku na deni la maji la mwenye nyumba wa zamani litakugongea wewe. Kodi ya ardhi nayo ni ya kila mwaka, lipa hata kama hujaanza kujenga.