Siku ya Kuzoea Hewa Horombo: Itumie Hivi

Njia ya Marangu ya kupanda Mlima Kilimanjaro hukulaza Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720. Kambi inayofuata, Kibo, iko mita 4,720. Juu ya mita 3,000 inashauriwa kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, nawe hapo unapanda mara mbili yake. Kwa hiyo usiku wa pili Horombo usiufute kwa sababu ya ada.

1. Asubuhi jipime. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganya kidole kikiwa cha baridi au kina rangi ya kucha. Sugua mikono kwanza. Mimi lakini huangalia zaidi bakuli la uji. Aliyelimaliza simhofii sana.

2. Saa tatu anzeni kupanda kuelekea Zebra Rocks, ule mwamba wenye michirizi myeusi na myeupe, kama mita 4,000, njia ya kuelekea kilele cha Mawenzi. Pole pole kwelikweli: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha mwendo. Makundi ya ofisini ndiyo hunipa kazi hapa, kila mtu anataka kumpita bosi.

3. Mkifika, vaeni makoti kabla jasho halijapoa, mkae nusu saa, kisha mrudi Horombo. Mwili unaonja hewa nyepesi ya juu, halafu unapumzika chini.

4. Mchana kunywa maji kidogo kidogo, na supu. Kukojoa mara kwa mara huku ni dalili njema. Saa kumi kuna chai, bisi na karanga. Kula hata kama huna hamu. Pombe na vidonge vya usingizi acha, vinapunguza kupumua usiku.

5. Jioni ndiyo penye uamuzi, na ndipo watu wanapoficha. Kichwa kinachouma kidogo na kutulia kwa maji na panadoli ni jambo la kawaida. Kikiuma pamoja na kutapika au kizunguzungu, kesho hupandi mpaka dalili ziishe. Kisha mwambie kila mtu atembee mstari mmoja sakafuni, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Anayeyumba, anayeongea ovyo, anayehema akiwa amekaa au anayekohoa povu anateremshwa usiku huohuo, akisindikizwa. Msingoje kukuche.

Kama daktari amekuandikia Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ganzi ya vidole ni ya dawa, usiogope. Ila isitumike kuficha dalili ili upande.

6. Waliofaulu wajaze chupa zote asubuhi kabla ya kuondoka. Kibo hakuna maji. Ya kupikia hubebwa na wapagazi kutoka chini.