Kupima protini kwa mrututu, na soda inayoharibu kazi yote

Juma lililopita binti wa dada yangu, anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo wa baiolojia wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda), alikuja maabara hapa Kasese akiwa na neli nne, zote zimegeuka buluu yenye ukungu. "Mjomba, kwani maharagwe hayana protini?" Maharagwe yana protini tele. Kosa lilikuwa kwenye soda, yaani sodiamu haidroksaidi inayotiwa kabla ya mrututu (salfeti ya shaba).

Kwanza ujue unachopima. Protini ni mnyororo wa asidi amino, za aina 20 kwa kawaida. Asidi mbili zikiungana, molekuli moja ya maji hutoka na kati yao hubaki kifungo cha peptidi. Kisha mnyororo hujikunja, ukishikiliwa na vifungo vya haidrojeni, vya ioni na vya salfa kwa salfa. Jaribio hili la soda na mrututu, liitwalo Biureti, haliangalii mikunjo hiyo. Ndani ya soda kali, ioni za shaba hushika naitrojeni za vifungo vya peptidi, na rangi ya zambarau hutokea. Ndiyo maana yai lililochemshwa bado hutoa zambarau: moto umeukunjua mnyororo bila kuukata. Asidi amino zikiwa moja moja hazitoi rangi hiyo, kwa sababu hazina kifungo cha peptidi.

Hatua ya 1: Sampuli. Twanga, tia maji, koroga, chuja. Maziwa yazimue kwanza. Mimi hupenda mukene (dagaa) mkavu kwa sababu husagika upesi. Andaa pia neli mbili za kulinganishia: moja ya ute mweupe wa yai uliozimuliwa, nyingine ya maji matupu.

Hatua ya 2: Soda. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza alasiri nzima, darasa likinisubiri. Unahitaji sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10: gramu 10 za punje, kisha maji hadi mililita 100. Tia punje kwenye maji kidogo kidogo huku ukikoroga, maana hupata moto sana. Vaa miwani na glavu. Usitumie chombo cha alumini, soda hukila na kutoa haidrojeni.

Tatizo ni hewa. Punje zikiachwa wazi hunyonya unyevu, na pamoja nao kaboni dayoksaidi, zikageuka taratibu kuwa kaboneti. Kwa macho, maji yake hayana tofauti na ya soda nzuri. Lakini ukitia mrututu unapata mashapo ya buluu au ya kijani, na zambarau huioni hata kama sampuli ni ute wa yai. Siku ile nilibadilisha sampuli mara tatu na kuosha neli zote, nisishuku chupa ambayo kifuniko chake kilikuwa kimelegea.

Kwa hiyo ipime soda yenyewe kabla ya kuanza. Chukua mililita moja, ongeza siki au asidi nyepesi tone kwa tone hadi uzidishe. Mapovu yakitoka, kaboneti imeshaingia, tengeneza nyingine kwa punje za chupa iliyofungwa vizuri. Ihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha. Kizibo cha kioo hung'ang'ania kwenye chupa ya kioo usiweze kukifungua tena.

Hatua ya 3: Mililita 2 za sampuli, mililita 2 za soda. Tikisa.

Hatua ya 4: Mrututu. Tumia wa asilimia 1, matone mawili au matatu, ukitikisa kila baada ya tone. Ukizidisha, buluu ya shaba huifunika zambarau. Usipashe moto, kupasha ni kwa jaribio la Benedikti, la sukari.

Wengine bado hupima protini kwa kitendanishi cha Miloni. Mimi nimekikataa: kina zebaki, kinataka moto, na kinategemea tairosini, mojawapo ya asidi amino, hivyo jelatini, yenye tairosini kidogo mno, inaweza kukudanganya. Kwa wanafunzi, Biureti inatosha.

Hatua ya 5: Kuandika. Taja rangi ya mwanzo na ya mwisho. "Mchanganyiko wenye ukungu umegeuka zambarau" ni uchunguzi, "protini ipo" ni hitimisho lenye safu yake. Neli ya maji ikibaki buluu na ya yai ikawa zambarau, ndipo uiamini ya maharagwe. Ya binti wa dada yangu, kwa soda mpya, iligeuka zambarau kwa tone la pili.